Kwa nini wakati uliopita wa "go" ni "went"? Mtoto kaniuliza, nimekwama

#1 Baba Neema
Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, baridi imeshuka kama kawaida yake, nimekaa na binti yangu wa darasa la nne tunapitia daftari la Kiingereza. Aliandika "Yesterday I goed to the market." Mwalimu kampiga mkasi mwekundu mkubwa, ile alama ya kosa, mpaka karatasi imechanika kidogo. Nikamwambia mwanangu, hapo ni "went". Akaniuliza: "Baba, walk inakuwa walked, jump inakuwa jumped. Go inakuwaje went? Hiyo G imekwenda wapi?"

Chuo nimemaliza mimi, lakini nilibaki natazama jiko. Nikamjibu "ndivyo ilivyo", akaniangalia lile jicho la "kumbe hata wewe hujui". Wenye ujuzi nisaidieni kabla hakujakucha.

#2 Konda Mstaafu
Hili nalo la kuuliza? Mzungu alifika stendi ya Kabwe hapa Mbeya asubuhi, akakuta makonda wanapiga kelele "twende twende twende", akajaribu kutamka ikamtoka "went". Uzi ufungwe.

#3 Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. #2 umeniharibia chai.

Mkuu Baba Neema, sisi tuliosoma Kayumba tulipewa jedwali la vitenzi kwenye jalada la nyuma la daftari: go-went-gone, see-saw-seen, unaimba kama wimbo wa paredi. Hakuna aliyeuliza kwa nini, ungeuliza ungekula fimbo. Kiingereza ni lugha ya kukariri, haina kanuni. Mwambie mtoto akariri, maisha yaendelee.

#4 Frateri Aliyetoka
Samahani #3, kanuni ipo. Hilo neno ni la Kilatini. Nilikaa seminari miaka minne na Kilatini tulikila kama ugali. Kaizari alisema "veni, vidi, vici". Hiyo "veni" ukiisikiliza vizuri ndiyo "went". Warumi waliitawala Uingereza karne kadhaa, wakaacha maneno.

#5 Mwalimu Chaki
Frateri, walikutoa seminari mapema. "Veni" ni "nilikuja", siyo "nilikwenda". Kwenda kwa Kilatini ni "ire", na kipo kingine, "vadere". Ukitaka kuunganisha "went" na Roma, huko hakupiti.

Baba Neema, jibu la binti yako ni hili, na chukua kalamu umchoree. Kiingereza kina kitenzi kingine cha zamani, "wend". Maana yake ya mwanzo ilikuwa kugeuka, kuzunguka, halafu kikawa na maana ya kushika njia, kuelekea mahali. Ni ndugu wa "wind" ile ya kusokota na kuzungusha. Sasa mwandikie safu mbili:

send, sent
bend, bent
lend, lent
spend, spent
wend, ...

Mwachie amalizie mwenyewe. Ataandika "went" bila kuambiwa. Kwa hiyo "went" haikuzaliwa na "go", ni mtoto wa "wend" aliyehamia nyumba ya jirani akapewa na ufunguo. G haijakwenda popote kwa sababu haikuwahi kuwemo.

#6 Baba Neema
Mwalimu Chaki, shukrani. Nimemchorea sasa hivi, kamaliza safu kabla sijaondoa kidole. Lakini huyu mtoto ni wakili. Kauliza: "Basi go ya zamani ilikuwa na wakati uliopita wake gani? Alikufa?"

#7 Mwalimu Chaki
Binti huyo msomeshe sana.

Kwenye Kiingereza cha Kale, "go" iliandikwa "gān", na wakati wake uliopita ulikuwa "ēode". Ukitazama "gān" na "ēode" hazifanani hata herufi moja ya mbele. Yaani hata hiyo ya zamani ilikuwa ya kuazima, imetoka shina jingine kabisa. "Ēode" ikaendelea kusuguliwa na vinywa, ikawa "yede" na "yode". Huko kusini mwa Uingereza, kufika karne ya 15, "went" ilikuwa imeshaisukuma nje. Kaskazini na Uskoti wao walikwenda njia nyingine, wakatengeneza "gaed", yaani "go" yenyewe imetiwa D nyuma.

#8 Konda Mstaafu
Ngoja kwanza. Uskoti wanasema "gaed"? Sasa hiyo na "goed" ya mtoto wa Uyole zina tofauti gani? Mtoto kaandika Kiskoti, mwalimu kampiga mkasi!! Nenda na wakili shuleni.

#9 Mnyalu wa Kihesa
#8 😂😂 leo konda kaongea cha maana.

Mwalimu Chaki, swali. Umeeleza imetoka wapi, hujaeleza kwa nini. Walikuwa na "yede" yao, inafanya kazi, wanaelewana. Kwa nini waiache waende kuchukua ya "wend"? Mtu haachi jembe lake zima akaazime la jirani.

#10 Mwalimu Chaki
Hapo ndipo wataalamu wenyewe wanavutana. Wapo wanaosema "ēode" ilishasuguliwa mno, ikawa kineno kisichoonekana kuwa na uhusiano na chochote, basi ikaachiwa. Wengine wanasema ni suala la nani alikuwa na sauti: lahaja za kusini, upande wa London, ndizo zilizokuja kuandikwa na kuchapwa, na kusini walishazoea "went". Mimi naegemea hilo la pili, ila sitagombana na mtu.

#11 Mama Genge Mwanjelwa
Mimi sijasoma sana, ila nauza, nasikia maneno siku nzima. Kitu kinachotumika sana ndicho kinachochakaa na kuwekewa viraka. Mizani yangu ya kupimia nyanya ina viraka vitatu, ile ya maharage ya msimu bado mpya. Sasa neno kama "kwenda" mtu analisema mara ngapi kwa siku? Lazima liwe na kiraka.

#12 Mwalimu Chaki
Mama Genge, umesema kwa mizani jambo ambalo vitabu vinalisema kwa kurasa. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi kwa Kiingereza vyote havifuati kanuni: be, have, do, say, go, get, make, know, take, see. Vile adimu ndivyo vinafuata mstari, maana mtu akisahau umbo lake anatia "-ed" na maisha yanaendelea. "Went" watu wanaisikia kila dakika, haisahauliki, kwa hiyo hainyooshwi. Tazama "wend" yenyewe: leo ni neno la nadra, na waliobaki nalo wanasema "wended". Mwenye mali kaibiwa, kaenda kununua nyingine dukani.

#13 Mnyalu wa Kihesa
Nakubali nusu. Hiyo inaeleza kwa nini "went" haiondoki. Haielezi iliingiaje. Kiraka cha Mama Genge kinawekwa kukiwa na tundu. Tundu lilikuwa wapi?

#14 Mzee wa Kitonga
Nimesoma uzi wote nikiwa Tunduma kwenye foleni ya malori, siku ya pili hii. Mimi napeleka mzigo Lubumbashi, napita Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, naingilia Kasumbalesa. Kifaransa nimejifunza kwa kugombana na watu wa barabarani. Nawaambia, Kiingereza kina nafuu. Kifaransa "naenda" ni "je vais", "tunaenda" ni "nous allons", "nitaenda" ni "j'irai". Kitenzi kimoja hicho! Mara ya kwanza nilidhani yule kijana wa forodha ananitukana kwa maneno matatu tofauti.

#15 Frateri Aliyetoka
Narudi kwa heshima. Mzee wa Kitonga, hiyo "vais" ni "vadere" ya Kilatini, na "irai" ni "ire". "Allons" ndiyo wanayobishania, wengi husema imetoka "ambulare", kutembea. Wahispania ndio wamezidisha: "fui" ni "nilikuwa" na pia ni "nilikwenda", neno lile lile. Mnaona seminari haikupotea bure.

#16 Konda Mstaafu
Frateri amefufuka.

#17 Mzee wa Kitonga
Na hiyo "wend" ya kugeuka, naiamini kabisa. Nilishawahi kubeba Mjerumani mmoja kutoka Iringa, gari lake lilimfia. Tukishuka mlima wa Kitonga, kila kona anashika dashibodi. Tulipofika chini nikakosea njia, akaniambia "wenden, wenden!" Nikamwambia "tunakwenda mzee, tulia." Kumbe anataka nigeuze gari. Kwa hiyo Mjerumani kabaki na maana ya kugeuka, Mwingereza kaifanya kwenda. Mtu aliyezoea Kitonga hashangai, kule kwenda na kukata kona ni kitu kimoja.

#18 Mnyalu wa Kihesa
Mjerumani huyo huyo anasema gehen, ging, gegangen. Zote zina G mbele. Kwa hiyo hoja ya "ndiyo kawaida ya dunia" ina tundu jingine.

#19 Binti Tukuyu
Ndaga kwa wote. Mnashangaa Waingereza kuwa na vitenzi viwili, Wanyakyusa tunavyo tangu zamani. Kwenda mahali ni "ukubuuka". Kutembea, kusafiri, ni "ukwenda". Mnyakyusa akianza Kiswahili anaona "kwenda" ya Kiswahili inabeba mizigo ya watu wawili. Bibi yangu akisikia "nimekwenda sokoni" anauliza kama umetembea au umepanda gari.

Kwa hiyo inawezekana kabisa Waingereza walikuwa na viwili vya kweli, kila kimoja na kazi yake, halafu vikabanana mpaka kimoja kikalala ndani ya kingine. Tundu la Mnyalu huenda halikuwepo, walibanana tu.

#20 Mnyalu wa Kihesa
Binti Tukuyu, Wanyakyusa lazima mtafute namna ya kuwa wa kwanza 😄 Lakini hiyo ya kubanana imeniingia kuliko ya kiraka.

#21 Msafwa Asiye na Haraka
Umesema "huenda halikuwepo". Ebu itazame hiyo "huenda". Hu-enda. Kitu ambacho huwa kinakwenda. Imekuwaje kukawa "labda"? Tunamcheka Mwingereza na sisi tunatembea juu ya "enda" bila kuiona. Mwenendo, tabia. Maendeleo, kuendelea tu. Mwendawazimu, mwendesha mashitaka, mwendokasi. Maiti naye "amekwenda mbele ya haki". Na mtu akitoka nje usiku "amekwenda haja", na Mwingereza naye kwa adabu anasema anataka "to go" tu, anaishia hapo, wewe ujaze.

#22 Mwalimu Chaki
Msafwa kanifungulia mlango. Kabla ya kumpiga mkasi Mwingereza, tujipige sisi. Mwamrishe mtu aende: "nenda". Kwa nini siyo "enda", kama ilivyo "soma", "lala", "kimbia"? Aje: "njoo", siyo "ja". Alete: "lete", siyo "leta". Vitatu hivyo havifuati mstari, na viwili ni vya mwendo. Halafu: mimi "ni" mwalimu, jana "nilikuwa" mwalimu. "Ni" na "kuwa" zina uhusiano gani wa sura? Ni "go" na "went" yetu hiyo, na hakuna mtoto wa Uyole aliyewahi kuuliza.

#23 Baba Neema
Tafadhali asiusome uzi huu. Amelala sasa, namshukuru Mungu.

#24 Kijana wa Mafinga
Mwalimu, Wakenya wanasema "enda" kwa kuamrisha na dunia haijaanguka. Na hiyo ya "alikwenda" na "alienda" je? Nilipigwa mkasi form two kwa "alienda". Leo naisikia hata kwenye taarifa ya habari.

#25 Mwalimu Chaki
Zote mbili zinaandikwa siku hizi. "Kwenda" na "kwisha" zilizoea kubaki na "kw" yake baada ya kiambishi cha wakati: alikwenda, imekwisha. Kama "alikula", "alikuja". Sasa watu wanaidondosha. Mimi bado naandika "alikwenda", na mkasi nilishauacha.

#26 Kijana wa Mafinga
Mkasi wa form two haufutiki moyoni lakini. Nitaleta kisa kingine cha "go". Nilipata kibarua cha ulinzi kwenye kampuni moja ya chai huku Mufindi, bosi Mzungu. Asubuhi moja nakuta ujumbe wake kwenye simu: "The alarm went off at 2. Did you check?" Mimi najua taa "went off" ni taa imezimika. Kwa hiyo alamu imezimika. Nikaenda mpaka stoo, nikatega sikio: kimya. Nikamjibu kwa ujasiri: "Yes sir, it is still off."

Kumbe alamu "went off" ni IMELIA. Saa nane usiku imelia, jamaa kakimbia na tochi kakuta mlango wa stoo umefunguliwa, mimi nimejifunika blanketi. Alivyosoma jibu langu alidhani namfanyia dharau. Sikumaliza mwezi.

#27 Konda Mstaafu
"It is still off" 😂😂😂 nimelia kwenye gari watu wananiangalia. Hujaelezea blanketi.

#28 Binti Tukuyu
Na maziwa "went off" ni yamechacha. Taa imezimika, alamu imelia, maziwa yamechacha, bomu limelipuka, yote "went off". Mwenye lugha awe na huruma.

#29 Msafwa Asiye na Haraka
Na sisi "saa haiendi", "injini haiendi", "hii shilingi elfu haiendi", "maneno yako hayaniendei". Kila lugha inaisukuma "kwenda" mpaka ichoke.

Kinachonikera siku hizi ni kingine. Washereheshaji na viongozi: "tunakwenda kushuhudia", "mgeni rasmi anakwenda kukata utepe", mchungaji naye "Mungu anakwenda kukutendea". Yuko pale pale amesimama, anakwenda wapi? Hiyo ni "going to" ya Kiingereza imevaa kanzu.

#30 Mnyalu wa Kihesa
Nakazia. "Atakata utepe" ipo, imetosha, haina kona.

#31 Mama Genge Mwanjelwa
Mama mkwe wangu hajui hata "good morning", na anasema "nakwenda kulala" tangu namfahamu.

#32 Msafwa Asiye na Haraka
Mama, huyo anakwenda kweli, kitanda kiko chumba cha pili. Kipimo ni mvua. Mvua haina miguu. Mwingereza anasema "it is going to rain" na haoni ajabu. Mama mkwe anasema "mvua inakwenda kunyesha"?

#33 Mama Genge Mwanjelwa
Hapana. Anasema "mvua inataka kunyesha".

#34 Mwalimu Chaki
Na hapo ndipo utamu ulipo! "Inataka". Hii "-ta-" yetu ya "itanyesha" inaaminika imetoka kwenye "taka" hiyo hiyo. Na "will" ya Kiingereza nayo maana yake ya kwanza ilikuwa kutaka. Kwa hiyo wote wawili tuliijenga kesho kwa kutaka. Halafu Mwingereza akaongeza ya pili, ya kwenda. Sasa na sisi tunaongeza. Msafwa anasema tumeiga. Inawezekana. Lakini Kifaransa nacho kinasema "je vais manger", nakwenda kula, kwa maana ya nitakula muda si mrefu. Lugha nyingi zinafika hapo zenyewe.

#35 Msafwa Asiye na Haraka
Mshereheshaji wa Mbeya hajui Kifaransa, Mwalimu. Anaangalia runinga. Ni kuiga.

#36 Mzee wa Kitonga
Foleni imesogea gari mbili. Nina swali la pembeni kabla mtandao haujakatika: "gang" ni neno la huko huko kwa "go"? Yule Mjerumani na "gegangen" yake kanitia wasiwasi.

#37 Mwalimu Chaki
Inafanana, ila wataalamu wengi hawaihesabu ukoo mmoja na "go". Imetoka kwenye kitenzi kingine cha kale cha kwenda, "gangan", ndicho kilichompa Mjerumani "ging" na "gegangen". "Gang" mwanzoni ilikuwa mwendo, safari. Baadaye ikawa kundi la watu wanaokwenda pamoja, halafu kundi la vibarua, halafu wahuni. Na kwetu ikaingia kama "genge".

#38 Mama Genge Mwanjelwa
Subirini. Genge langu la nyanya ni la wahuni?

#39 Frateri Aliyetoka
La vibarua, mama. Palipo na genge la vibarua pana mama anawauzia chakula, jina likahamia kwa muuzaji. Ndivyo nilivyosikia.

#40 Binti Tukuyu
Ulivyosikia kama ile "veni"? Genge ni neno la Kiswahili la siku nyingi, ni ukingo wa mlima, mteremko mkali. Mzee wa Kitonga anashuka genge kila wiki.

#41 Mwalimu Chaki
Hayo ni maneno mawili yaliyogongana sauti. La mlima ni letu, la vibarua ni la kuja. La nyanya, mimi naelekea kwa Frateri leo, ila siapi.

#42 Mama Genge Mwanjelwa
Basi nimekaa ukingoni mwa barabara, nauzia vibarua, na wahuni wananikopa. Yote matatu ni yangu.

#43 Baba Neema
Wakuu, mrejesho. Leo binti kaenda shule na safu yake ya send-sent. Karudi na daftari. Mwalimu aliwapa zoezi jipya, naye kwa kuwa sasa anamjua mwenye mali, akaona asimwibie. Kaandika: "Last Saturday I wended to Mwanjelwa with my father."

Mkasi. Huu umechana kurasa mbili.

#44 Konda Mstaafu
Niliwaambia mapema aandike "twende".

#45 Mzee wa Kitonga
Nimevuka. Mama Genge, wiki ijayo nikirudi niwekee ndizi za Tukuyu mikungu miwili, mbichi, zisije zika-"went off" njiani.